Vumbi Lile Lile: Somo la Rangi za Mawe



Somo la leo litakuchafua mikono, kwa hiyo usilisome umevaa nguo za Misa. Chukua Biblia yako, fungua Hekima ya Sulemani sura ya 13, soma mstari wa 1 hadi wa 9 kwanza, halafu urudi hapa.

Umeshasoma? Haya, twende.

Swali lililonikwamisha

Ilikuwa Septemba, mwanzoni mwa Kipindi cha Uumbaji, kile kinachoanza tarehe 1 Septemba na kuishia sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, 4 Oktoba. Nilipewa kufundisha vijana wa kigango kimoja huku Tunduma. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya falsafa na kichwa kilikuwa kimejaa. Nikawaeleza kwamba akili ya binadamu inaweza kupanda kutoka uzuri wa viumbe mpaka kwa Muumba. Nikamtaja Aristotle, nikamtaja Mtakatifu Thomas wa Akwino, nikachora na mishale ubaoni. Nilijiona nimefundisha.

Kijana mmoja anayebeba mizigo mpakani akanyoosha mkono. "Frateri, samahani. Mimi naamka saa kumi na moja, nashinda kwenye foleni ya malori mpaka jioni. Naona matairi, moshi na vumbi. Huo uzuri unaousema uko wapi?"

Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nikamjibu kitu kuhusu maua na nyota. Kusema kweli hata mimi mwenyewe sikuridhika. Usiku ule niligundua jambo la aibu: nilikuwa na hoja nzuri juu ya uzuri wa viumbe, lakini sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikaa nikaangalia kiumbe kimoja kwa dakika tano. Kila asubuhi nilisali zaburi zinazoalika milima na vilima kumsifu Mungu, na vilima vyenyewe viko hapo nje, sikuinua macho. Sala ilikuwa imekauka na sikujua kwa nini.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Krismasi ikikaribia alikuwa anachimba udongo mwekundu na udongo mweupe, analoweka, anachuja, kisha anasiriba nyumba: chini nyekundu, juu nyeupe. Hakusoma falsafa, lakini alijua kila ukingo wa kijiji una udongo wa rangi gani.

Basi Jumamosi iliyofuata niliwaambia vijana waje na makopo, vitambaa vikuukuu na nyundo. Tutatengeneza rangi kwa mawe, nikawaambia, halafu tutachora tunachokiona.

Chuma kilicho chini ya miguu yetu

Kabla ya kuanza, jiulize: kwa nini udongo wa huku kwetu ni mwekundu? Jibu ni chuma. Chuma kikikutana na hewa na maji kwa muda mrefu, kinapata kutu. Kutu ya aina moja ni nyekundu. Ile iliyoshikilia maji ndani yake ni ya njano. Ndiyo maana ukikata ukingo wa barabara kutoka Vwawa kuja Tunduma unaweza kukuta mistari ya rangi mbalimbali kama kitenge.

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016, lakini habari za chuma hapa ni za zamani sana. Wanyiha wa Mbozi walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma kutoka mawe ya ardhi yao wenyewe. Na pale kijiji cha Ndolezi kuna Kimondo cha Mbozi, jiwe lililodondoka kutoka angani, lenye uzito wa takriban tani 16, na sehemu yake kubwa ni chuma. (Kile ni cha kuangalia tu, jamani. Ni mali ya urithi wa taifa, usiende na nyundo.) Chuma hicho hicho kimo pia kwenye damu yako, ndicho kinachoipa wekundu. Yaani kilichoko angani, kilichoko ukingoni mwa barabara na kilichoko mwilini mwako vina undugu. Kitabu cha Mwanzo 2:7 kinaposema Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi, usidhani ni lugha ya kutudharau.

Wala kuchora kwa mawe si kitu kigeni. Kule Kolo, Kondoa, mkoani Dodoma, kuna michoro ya miambani ya twiga, tembo, pofu na watu. Mingi ni myekundu, na wekundu wake ni wa mawe haya haya yenye chuma. Tangu 2006 eneo lile limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mvua na jua vimepita juu yake miaka mingi, na bado inaonekana.

Jinsi ya kutengeneza

1. Tafuta. Angalia kingo za barabara na za mito. Omba ruhusa kama ni shamba la mtu, na chukua kidogo tu; kopo moja linatosha kikundi kizima. Jiwe zuri ni laini: ukilisugua juu ya jiwe gumu linaacha mstari wa rangi. Usiokote mawe wala mchanga kwenye machimbo ya dhahabu, maana zebaki hutumika huko na ni sumu. Mawe ya kijani yanayong'aa nayo yaache. Na usionje jiwe lolote kwa ulimi.

2. Ponda. Lifunge kwenye kitambaa kizito ndipo ugonge, vipande visikurukie machoni. Kisha saga juu ya jiwe bapa ukiwa umelilowesha maji. Usisage kavu, vumbi la mawe linaharibu mapafu. Na usitumie kinu cha jikoni, mama atakuuliza.

3. Osha. Tia unga kwenye kopo la maji, koroga, hesabu mpaka ishirini. Mchanga utazama. Maji yenye rangi yamimine kwenye kopo la pili kupitia kitambaa. Rudia mara mbili au tatu.

4. Subiri. Acha usiku kucha. Asubuhi rangi itakuwa imetuama chini. Mwaga maji ya juu polepole, tandaza uji uliobaki kwenye sahani kuukuu ukauke.

5. Changanya. Unga wenyewe haushiki, ukikauka, unapeperuka. Chukua kiini cha yai bila ute, tone la maji, changanya na unga kiasi kile kile. Tumia siku hiyo hiyo, kesho litanuka. Ukipata gundi ya mti wa mgunga, iyeyushe kwa maji na tone la asali. Hiyo inafaa zaidi kwenye karatasi. Yai linafaa zaidi kwenye ubao au kadibodi ngumu.

6. Brashi. Tafuna ncha ya kijiti kibichi cha mti unaojua ni salama, kama unavyofanya mswaki. Imeisha hiyo.

Nyeupe tulipata kwa chokaa ya mawe iliyosagwa, nyeusi kwa mkaa. Halafu kuna hili lililowashangaza wote: tulichukua unga wa njano, tukauweka juu ya bati kwenye moto wa mkaa. Taratibu ukaanza kuwa mwekundu. Moto unatoa maji yaliyofungwa ndani ya ile kutu ya njano, ndiyo maana inabadilika. Udongo ule ule, sura mpya. Ukipenda kutafakari juu ya Roho Mtakatifu na moto wake, anzia kwenye bati lile.

Kuchora kunakulazimisha kuangalia

Tukapanda kilima nje kidogo ya mji. Kila mtu achague kitu kimoja, akikalie nusu saa bila simu. Septemba miyombo inachipua, na majani yake machanga si ya kijani, ni mekundu kama shaba. Vijana waliozaliwa hapa walisema hawakuwahi kuliona hilo. Rangi ya jani na rangi ya udongo chini yake zilikaribiana kiasi kwamba kopo moja lilitosha kwa vyote viwili.

Shida ikawa anga. Hatukuwa na bluu. Dada mmoja akachanganya mkaa kidogo na chokaa nyingi, na ile rangi ya kijivu ilipokaa pembeni ya nyekundu, ikaonekana kama bluu ya mbali. Hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu wangu wa falsafa angesema hapa kuna maada na umbo: udongo ni maada, na umbo linaifanya iwe picha ya mti na si tope tu. Sawa. Lakini siku ile nilielewa kitu ambacho mitihani haikuniuliza. Hekima 13:5 inatuambia kwamba ukuu na uzuri wa viumbe unatuwezesha kumwona Mtengenezaji wao kwa njia ya ulinganifu. Kulinganisha kunahitaji ukae na kitu. Mtu anayepita mbio halinganishi chochote.

Sura moja, njia mbili

Sasa endelea kusoma sura ile ile mpaka mstari wa 17. Utakutana na seremala anayechukua mti usiofaa kitu, anauchonga sanamu, anaupaka rangi nyekundu kufunika kasoro zake, halafu anauomba. Umeona? Rangi nyekundu, labda ya udongo kama huu wetu. Kwa hiyo rangi siyo mtakatifu wala mkosefu. Mmoja anaangalia kiumbe anafika kwa Muumba. Mwingine anapaka rangi juu ya kasoro na kubaki pale pale.

Hili lilisumbua Kanisa pia. Katika karne ya 8 wako waliotaka picha takatifu ziondolewe zote. Mtakatifu Yohane wa Damasko akawajibu kwamba haabudu maada, bali anamwabudu Muumba wa maada, aliyekubali kuwa maada kwa ajili yetu. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ukathibitisha heshima kwa picha takatifu. Na wachoraji wa ikoni mpaka leo wanachanganya udongo wa rangi na kiini cha yai, kama tulivyofanya sisi. Neno alifanyika mwili, ndiyo maana udongo unaweza kubeba sura takatifu.

Njia ya yule seremala ipo hata leo. Kuna kupaka rangi juu ya kasoro kwenye picha za simu, na kuna frateri anayepaka hoja nzuri juu ya sala iliyokauka.

Na yule kijana?

Alikuja akiwa amechelewa, moja kwa moja kutoka kazini. Hakuchora mti. Alichora foleni ya malori, na nyuma yake jua likizama kwenye vumbi. Vumbi alilichora kwa udongo alioukung'uta kwenye viatu vyake, akauchanganya na kiini cha yai. Akaniletea. "Frateri, vumbi hili linaniingia machoni kila siku," akasema. "Sikuwahi kuliangalia."

Hakusema kwamba maisha yake yamebadilika. Jumatatu alirudi kwenye foleni, mzigo ni ule ule, na haki yake kwenye kazi ile bado ni jambo la kupigania. Uzuri haulipi kodi ya nyumba. Lakini swali lake lilikuwa "uko wapi", naye alilijibu vizuri kuliko mimi. Mimi nikarudi kanisani, nikafungua zaburi ile ile ya asubuhi. Safari hii nilianzia dirishani.

Maswali ya kutafakari (binafsi au kwenye kikundi cha VIWAWA na TYCS)

- Ni kitu gani unapita karibu nacho kila siku na hujawahi kukiangalia?
- Ni kasoro gani unaifunika kwa rangi badala ya kumwonyesha Mungu?
- Jumatano ya Majivu unakumbushwa kwamba wewe ni mavumbi. Leo neno hilo linakuambia nini?

Kazi ya wiki: tengeneza rangi moja tu. Chora kiumbe kimoja. Kaa nacho nusu saa.

Tusali

Ee Mungu Muumba wetu, ulitufinyanga kwa udongo na hukuona aibu. Utupe macho ya kuangalia polepole. Utuepushe na kuabudu kazi ya mikono yetu, na utushikamanishe nawe tusipeperuke kama unga mkavu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Tukutane wiki ijayo, mkiwa mmenawa mikono.