Simu Yako Ikilia, Kazi ya Nani Husimama?

Mzee ametoka Moiben alfajiri kuja mjini Eldoret kulipia kodi ya ploti yake. Amepanga foleni, zamu yake imefika, na sasa anamsomea karani nambari iliyo kwenye karatasi aliyoikunja mara nne. Anapofika tarakimu ya tatu, simu iliyo kwenye meza ya nyuma inalia: kwaya nzima, pamoja na ngoma zake. Mwenye simu hayupo, ameenda kuchukua chai. Kwaya inaimba hadi inachoka, inanyamaza, kisha inaanza upya.

"Samahani mzee, umesema nambari gani?"

Kisa hiki nimekitunga, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba kimoja na watu sita anakijua. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanaingia kwa ploti ya mtu mwingine. Kulirekebisha kosa hilo ni safari nyingine kutoka Moiben, nauli nyingine, na siku nyingine ya shamba iliyopotea. Ndiyo maana somo la toleo hili ni milio ya simu katika afisi tunazotumia pamoja. Wengi wetu huichukulia kama suala la adabu tu, la kumkunjia mwenzako uso kisha kuendelea na kazi. Anayelipa gharama, hata hivyo, mara nyingi ni mwananchi aliyesimama upande wa pili wa kaunta.

Tuanze na sikio. Jicho lina kope, sikio halina. Tena sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa: hunasa vyema zaidi sauti za mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi nzito, kwa hivyo nguvu zake nyingi huangukia karibu na hapo hapo. Ongeza vigae sakafuni, vioo madirishani na kuta zisizo na pazia, na sauti inagonga ukuta na kurudi badala ya kumezwa. Simu ambayo huisikii vizuri ukiwa stendi ya matatu itakupasua masikio ndani ya chumba.

Je, inapunguza kazi kweli, au tunalalamika tu? Mwaka wa 2009, mtafiti Jill Shelton na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao. Katika mojawapo, Shelton mwenyewe aliketi katikati ya mhadhara wa chuo kikuu akijifanya mwanafunzi, akaacha simu ilie ndani ya mkoba wake kwa takriban sekunde 30. Wanafunzi walipopewa mtihani baadaye, alama zao katika yale yaliyofundishwa karibu na wakati huo zilikuwa chini kwa takriban robo. Alipoongeza vurugu kidogo, akaupekua mkoba kwa pupa kana kwamba anaitafuta simu aizime, matokeo yakawa mabaya zaidi. (Wanaobeba mikoba yenye mifuko minane, mmesikia.)

Watafiti hao walibaini jambo jingine linalotuhusu sana hapa kwetu. Mlio wa kawaida ulivuruga akili kwa muda mfupi, lakini wimbo ambao wasikilizaji waliujua tayari uliishika kwa muda mrefu zaidi. Sababu si ngumu kuielewa. Mlio wa kengele ukikatika, umekwisha. Wimbo unaoupenda ukikatika katikati ya ubeti, wewe unaumalizia kichwani huku mikono yako ikiendelea kuandika. Nakiri kwamba kwa miaka kadhaa simu yangu ililia kwa kibao kilichokuwa kikichezwa kwenye kila matatu. Nilidhani nawafurahisha wenzangu. Siku moja niliiacha mezani, na niliporudi nikawakuta watatu kati yao wanaimba kiitikio. Hakuna aliyekuwa akifanya kazi, na mimi ndiye niliyewasimamisha.

Kuchagua mlio mmoja wa kiwandani kwa wote nako si dawa. Wanaokumbuka miaka ya kwanza baada ya Safaricom na KenCell kuanza huduma mwaka wa 2000 wanajua ilivyokuwa: Nokia moja ikilia, watu wanne wanaingiza mikono mfukoni. Mlio ule, kwa wasiojua, ulitolewa katika utunzi wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega wa mwaka wa 1902. Ulikuwa mtamu, lakini haukumwambia mtu ni simu ya nani.

Hapa pia tusichanganye mambo. Wimbo wa Skiza husikika kwa anayekupigia, si kwa anayeketi karibu nawe. Ukiwa na Skiza ya injili, mwenzako wa meza ya pili hana habari nayo. Ukitaka watu wajue ladha yako ya muziki, itumie hiyo, na mlio wa simu yenyewe uache uwe mfupi na wa chini.

"Basi mimi naiweka kwenye mtetemo," utasema. Wengi hufikiri hapo wamemaliza. Ndani ya simu nyingi kuna mota ndogo yenye uzani uliokaa upande mmoja. Inapozunguka, simu nzima hutikisika. Ikiwa mfukoni, nguo na mwili wako huumeza mtikisiko huo. Ikiwa juu ya meza ya mbao, ubao wote hutikisika nayo, kama sanduku la gitaa linavyoikuza sauti ya uzi mwembamba. Juu ya kabati la chuma la faili ni balaa. Na wawili wakitumia meza moja, mtetemo wa simu yako unapita kwenye ubao hadi viwiko vya mwenzako. Kitambaa kilichokunjwa, daftari nene au hata kofia chini ya simu hupunguza sauti hiyo kwa kiasi kikubwa. Droo tupu ya chuma huikuza.

Hata ukiinyamazisha kwa wengine, mtetemo bado unakula umakini wako mwenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwapa watu kazi inayohitaji umakini, kisha simu zao zikapokea arifa. Hawakuzishika wala kuzijibu, lakini makosa yao yaliongezeka. Kujua tu kwamba kuna aliyekutafuta kulitosha.

Kwa nini basi mkuu wa afisi asibandike tangazo mlangoni kwamba simu zote zizimwe? Kwa sababu kwetu simu ndiyo afisi yenyewe. Karani hupigiwa na msimamizi kwa laini yake binafsi. Mwananchi anayelipa kwa M-Pesa anasubiri ujumbe wa kuthibitisha malipo. Mkulima anasubiri ujumbe wenye nambari ya kuchukulia mbolea ya bei nafuu. Kuna mama aliyemwacha mtoto mgonjwa na msaidizi wa nyumbani, na kuna anayeuguza mtu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi. Kumwambia mtu kama huyo azime simu ni kumwambia akae kazini akiwa na wasiwasi. Atakubali kwa mdomo, kisha aiwashe chini ya meza.

Kinachofaa ni kuifundisha simu ibague. Kwenye simu nyingi za Android kuna hali iitwayo "Usinisumbue". Ingia kwenye mipangilio, iwashe, kisha uchague wachache wanaoruhusiwa kukupata: msimamizi, shule ya mtoto, aliye nyumbani. Kuna pia chaguo la kumruhusu anayerudia kupiga. Mtu yule yule akipiga tena ndani ya dakika 15, simu italia, kwa hivyo mwenye dharura hakosi kukupata. Kwenye iPhone chaguo hilo lipo pia, ila muda wake ni dakika tatu. Waeleze watu wako mapema: "Kukiwa na shida, piga mara mbili." Mwenye mulika mwizi naye hajasahaulika. Kwenye nyingi za Nokia, kubonyeza na kushikilia kitufe cha # huinyamazisha simu, na ukifanya hivyo tena sauti inarudi. Mwenye laini mbili akumbuke kuangalia zote mbili, maana mara nyingi ile ya pili ndiyo inayomuumbua.

Simu ikilia na ukaipokea, toka nje. Hili lina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka wa 2010 kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa kuwa akili hujaribu kubahatisha maneno ya yule asiyesikika. Usidhani, hata hivyo, kwamba spika ya nje ndiyo suluhisho, kwa sababu ya pili ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaitaka afisi inayoshika taarifa za watu izilinde. Jina la mgonjwa, nambari ya kitambulisho au deni la mfanyabiashara likitajwa kwa sauti mbele ya foleni, limeshatoka.

Kuhusu kelele yenyewe, Kenya ina kanuni za mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira. Hakuna atakayeshtakiwa kwa mlio wa kwaya, lakini vipimo vya kanuni hizo ni vizuri kuazima katika kikao cha afisi. Vinauliza kama sauti inajirudia, kama imekuzwa kwa kifaa, na kama mwenye kuitoa angeweza kuidhibiti bila jasho wala gharama kubwa. Jibu la swali hilo la mwisho ni kitufe kilicho ubavuni mwa simu.

Zoezi la wiki hii huchukua dakika tano. Kabla ya milango kufunguliwa, iache simu yako mahali unapoiwekaga, ikiwa na sauti ile ile ya kila siku. Nenda ukasimame kaunta, mahali anaposimama mwananchi, na umwombe mwenzako akupigie huku mwingine akikusomea nambari ya tarakimu kumi. Iandike. Kisha badilishaneni, hadi kila simu ya chumba hicho iwe imelia mara moja, na mlinganishe karatasi zenu.