Nijitoe kwenye safari ya Hanang?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi hapa Itigi. Wenzangu niliosoma nao chuo wamepanga tupande Mlima Hanang mwezi wa tisa, nami nikakubali. Jumamosi nilitoka kwa mazoezi saa nne asubuhi, nikafuata barabara ya Rungwa. Nilirudi na malengelenge, kichwa kinaniuma. Mama mkwe anasema mke wa mtu hatembei ovyo bila ndoo wala jembe. Halafu huku kwetu ni tambarare tupu, mazoezi nitafanyia wapi? Naona aibu. Nijitoe?*
*Mwalimu, Itigi*

Marahaba, mwanangu. Usijitoe. Miguu yako haina kosa, saa ndiyo iliyokuponza. Ukianza kutembea saa nne, jua la Itigi linakukuta njiani likiwa kali.

Nchi hiyo unayoiita tambarare tupu, misafara ya karne ya 19 iliiogopa. Wakitoka Ugogo kwenda Tabora iliwalazimu wakate pori la Mgunda Mkali, lenye vichaka vizito na maji ya shida. Wapagazi wa Kinyamwezi walilivuka na mizigo ya kilo 30 na zaidi, na wanawake walikuwemo msafarani. Waliondoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijakaza, na kila siku walijua maji yanayofuata yako wapi. Nawe anza na hayo mawili, saa na maji.

Una miezi mitatu. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nenda dakika 20, rudi dakika 20, mara tatu kwa wiki. Ongeza kidogo kidogo, hadi mwezi wa nane uweze kutembea saa tano Jumamosi moja ukiwa na begi la maji na chakula mgongoni. Beba angalau nusu lita kwa kila saa, na theluthi ya maji ikiisha, geuza. Kilima kama hakuna, tafuta ngazi, panda na kushuka. Kushuka ndiko kunakotesa magoti.

Raba za mtumba zenye meno zinatosha, mradi zisikubane vidole. Zivae hapo nyumbani kwanza. Kata kucha, vaa soksi kavu, na ukihisi mguu unaungua simama hapo hapo uufunge plasta. Lengelenge usilitumbue.

Vichaka vya Itigi wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji wako, maana ni uoto adimu. Vimesongamana, na mtu hupotea humo upesi. Usiache njia, na nenda na anayeifahamu. Wafugaji nyuki wa huko ni walimu wazuri. Nguo nyeusi na za buluu ziache, zinavuta mbung'o. Pori la Akiba Rungwa usiliingie kwa miguu kwa ajili ya mazoezi. Kuna simba na tembo. Na kila utokapo, aga: unapita wapi, unarudi saa ngapi.

Kuaga huko kutamtuliza hata mama mkwe. Usibishane naye. Mweleze ni safari gani unayojiandalia na uko na nani, kisha umwombe mumeo akusindikize Jumamosi. Wasiwasi wa mzazi kwa mkwe anayeingia porini peke yake ni wa haki, na dawa yake ni mwenzi wa njiani. Na kutembea kwa ajili ya afya yako hakuhitaji ndoo.

Hanang ina zaidi ya mita 3,400, na kuipanda na kushuka ni kazi ya siku nzima. Wenzako wachukue kibali na mwongozaji mapema, na tarehe isisogezwe hadi masika wala vuli. Maporomoko ya tope ya Desemba 2023 pale Katesh, chini ya mlima huo, yaliua watu wengi. Mwisho wa mwezi wa nane jipime: saa tano ukizimaliza na kesho yake ukasimama darasani bila kuchechemea, nenda. Ukishindwa, waambie wenzako wazi kwamba utaishia njiani na kurudi na mwongozaji. Kugeuka kwa wakati ni sehemu ya kujua kutembea, na hakuna aibu ndani yake.