Usingizi wa Mtoto wa Shule

Twawasikia wazazi wengi wakishitaki kuwa watoto wao hawahifadhi kitu, shuleni wala chuoni. Mwalimu husema ni wavivu. Baba naye huongeza fimbo. Nasi twauliza: jana mtoto alilala saa ngapi?

Mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kila usiku. Ndivyo walivyopendekeza matabibu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016. Basi na tuhesabu. Aamkaye saa 11 alfajiri, akaenda shule, kisha chuo, hana budi saa 2 usiku awe amekwisha kulala. Majumbani mwetu wakati huo ndio kwanza simu zawaka!

Na yale aliyoyasoma mchana, akili huyaimarisha usingizini. Kumpiga kwa kusahau, hali sisi ndio tuliomnyima usingizi, ni dhulma. Chakula na kiliwe mara baada ya Magharibi, Isha isaliwe mwanzo wa wakati wake, taa izimwe. Wala mama peke yake hataliweza jambo hili, iwapo baba, arudipo kutoka barazani saa 4, humwamsha mtoto amletee maji.