Ua Jeusi la Sebuleni na Kiangazi cha Sikonge

Umenunua ua la majani meusi Tabora mjini, umelipakata kwenye basi hadi Sikonge, na baada ya muda linachipua kijani cha kung'aa. Hujatapeliwa. Zamiokulkasi nyeusi, ile ambayo wauza maua huiita ZZ, huzaliwa kijani. Chipukizi hukaa hivyo kwa wiki kadhaa, kisha rangi hukolea polepole mpaka zambarau nzito inayoonekana nyeusi. Usilikate.

Mmea wenyewe si mgeni kwetu. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar, kupitia Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi KwaZulu-Natal. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliueleza kwa maandishi mwaka 1829, lakini haukuwa biashara mpaka miaka ya 1990, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Aina nyeusi ilizuka baadaye, Korea Kusini. Misafara ya zamani ilishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha vitambaa na shanga hadi Tabora; kwa ua hili nalo, cha kwetu kimetoka bure na kurudi na bei.

Kinacholiua ua hili majumbani ni maji, tena maji ya huruma. Lichimbue uone: chini ya udongo kuna matunguu manene kama viazi, na humo ndimo linamoweka akiba. Limeumbwa kuvuka miezi isiyo na mvua, na kiangazi chetu, cha Mei hadi Oktoba, halikiogopi. Anayelimwagilia kila asubuhi pamoja na mchicha analiozesha.

Ingiza kijiti mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo umenata, ondoka. Juni na Julai, asubuhi zikiwa na baridi, mara moja kwa mwezi yatosha. Septemba na Oktoba, bati likiwaka, huenda ukahitaji kila baada ya wiki mbili. Mvua zikianza Novemba hewa hujaa unyevu na udongo hukawia kukauka, kwa hiyo kiamini kijiti kuliko kalenda. Siku ya kumwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Majani yakigeuka manjano na shina likawa teketeke pale linapotokea udongoni, tunguu linaoza. Litoe, kata sehemu iliyooza kwa kisu safi, acha jeraha likauke kivulini siku mbili tatu, kisha panda kwenye udongo mpya mkavu na usubiri wiki moja kabla ya kumwagilia. Shina lenye mikunjo na majani madogo yanayodondoka ni kiu tu, na kiu hutibika.

Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua, ila hata ndoo ya rangi iliyotobolewa matundu chini inafaa. Changanya udongo wa kawaida na mchanga wa mtoni, karibu nusu kwa nusu, na vipande vidogo vya mkaa. Udongo wa mfinyanzi mtupu usiutumie.

Watu hudhani ua jeusi linapenda giza. Linavumilia giza, lakini matawi yake hurefuka, huinama na kutafuta dirisha. Liweke karibu na dirisha lenye pazia jepesi, mbali na jua kali la mchana na mbali na jiko la mkaa. Weusi pia huonyesha kila chembe ya vumbi. Pangusa majani kwa kitambaa chenye maji matupu; mafuta ya kula ambayo wengine hupaka kwenye majani ili yang'ae huziba matundu yake na kukusanya vumbi zaidi.

Kuhusu mbolea, katika nyumba za wakulima wa tumbaku kishawishi ni kuchota ile NPK iliyobaki stoo. Kiganja kizima kitaunguza mizizi. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kiasi kidogo mwanzoni mwa mvua, inatosha mwaka mzima.

Weka chungu mahali ambapo mtoto mdogo na mbuzi hawafiki. Utomvu wake una vijiti vidogo mno vya kemikali vinavyochoma mdomo na koo, na kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Maneno kwamba ua hili huleta saratani ni uvumi. Nawa mikono baada ya kulikata. Mtoto akilitafuna, msukutue kwa maji, na koo likianza kuvimba mpeleke kituo cha afya mara moja.

Ukitaka la pili, subiri msimu wa mvua, lichimbue na ugawe matunguu, kila kipande kikiwa na tawi lake. Njia ya kuchomeka jani moja mchangani nayo inafanya kazi, na jirani utakayempa jani hatagharimika, ila aambiwe mapema: litaanza kwa kutengeneza tunguu lake chini, na chipukizi linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka.