Matairi Mapana kwenye Gari Lililoshushwa: Pima Nafasi Kabla ya Kulipa

Katika miji ya Musoma na Bunda, na hata katika barabara iingiayo Butiama, magari madogo yaliyoshushwa na kufungwa rimu za spoti si jambo geni tena. Mwenye gari huanza kwa kubadili au kukata springi ili bodi ishuke. Baadaye hununua rimu pana, na mwisho hutafuta matairi mapana ya kujaza nafasi iliyobaki chini ya fenda. Hatua hizo tatu hufanyika kwa nyakati tofauti na mara nyingi kwa mafundi tofauti, na ni nadra mmoja wao kuuliza mwenzake alifanya nini. Hapo ndipo hasara ya mlaji huanzia.

Hatuandiki somo hili ili kumkataza mtu kupamba gari lake. Tunaandika kwa sababu tairi linalosugua fenda huliwa pole pole mahali ambapo dereva hapaoni, na likipasuka gari likiwa katika mwendo kati ya Kiabakari na Bunda, muuzaji hayumo ndani ya gari hilo.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi

Tuchukue tairi la 195/65R15, ambalo ni la kawaida kwa magari mengi madogo. Namba 195 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 127 hivi. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, tairi zima lina kipenyo cha takribani milimita 634. Kipenyo hicho ndicho kinachopaswa kulindwa unapobadili saizi.

Tairi la 225/45R17 ni pana zaidi kwa milimita 30, lakini kipenyo chake kinabaki kuwa milimita 634 hivi, kwa sababu ubavu umefupishwa kadiri rimu ilivyokua. Tairi la 225/50R17 linaweza kuonekana dukani kuwa karibu sawa na hilo, tena huenda likauzwa kwa bei nafuu. Kipenyo chake ni milimita 657. Sehemu yake ya juu hukaribia fenda kwa milimita 11 zaidi, kwenye gari ambalo tayari limeshushwa. Zaidi ya hayo, kipimamwendo hudanganya: dereva anayeona kilomita 80 kwa saa, kwa hakika anakwenda karibu 83.

Baada ya saizi hufuata namba nyingine ambayo wanunuzi wengi huiruka, nayo ni namba ya uzito. Namba 91 maana yake ni kwamba tairi hilo, likiwa na upepo wa kutosha, linabeba kilo 615. Namba 87 ni kilo 545. Lipo tairi la 215/45R17 lenye namba 87, na lipo la 195/65R15 lenye namba 91. Lile pana, lenye sura ya nguvu, linabeba pungufu ya kilo 70 kuliko lile jembamba. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya matairi yaliyokuja na gari, hata ukiambiwa kwamba upana unafidia. Haufidii.

Tazama pia tarehe ya kutengenezwa, hasa kwa matairi yaliyotumika: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Namba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata iliyosimama vizuri haifuti umri wa mpira.

Rimu husogea ndani na nje

Upana wa tairi ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili imo kwenye rimu, katika alama ya ET iliyochongwa au kupigwa muhuri kwa nyuma. Alama hiyo hueleza ni milimita ngapi uso unaokaa kwenye habu umesogea kutoka katikati ya rimu kuelekea nje. Namba ya ET ikipungua, gurudumu hutoka nje zaidi.

Tuseme rimu ya zamani ina upana wa inchi 6 na ET45, na unayoonyeshwa ina inchi 7.5 na ET35. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76. Toa 45, unabaki na 31 kwa upande wa nje. Nusu ya inchi 7.5 ni milimita 95. Toa 35, unabaki na 60. Kwa hiyo ukingo wa rimu umetoka nje kwa milimita 29. Kwa upande wa ndani unajumlisha badala ya kutoa: 76 na 45 ni 121, 95 na 35 ni 130. Gurudumu limeingia ndani kwa milimita 9, kuelekea shokapu na mpira wa breki. Hesabu hii hufanyika kwa kalamu na karatasi papo hapo kaunta, na muuzaji anayeijua kazi yake hatachukizwa nayo.

Tundu la katikati ya rimu nalo lilingane na habu. Rimu nyingi za spoti hutobolewa tundu kubwa ili zifae magari mengi. Pengo hilo lisipojazwa kwa pete yake, usukani unaweza kutetemeka hata baada ya magurudumu kubalansiwa. Nati ni hatari zaidi. Rimu za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za spoti zina matundu ya umbo la koni. Nati bapa kwenye tundu la koni huonekana imekaza, kumbe imeshika ukingo tu. Rimu mpya na nati zake zinunuliwe pamoja. Kuhusu spesa za kusukuma gurudumu nje, maoni yetu ni mafupi: kama rimu haiwezi kukaa bila spesa, hiyo si rimu ya gari lako.

Gari tupu gerejini halisemi ukweli

Likiwa limesimama gerejini bila mtu ndani, usukani umenyooka, karibu kila gari huonekana limekubali matairi yake mapya. Lakini familia ikiondoka Musoma watu watano, na mizigo ya msiba kwenye buti, ikakata Makutano kuelekea Butiama, springi fupi hulala, na kila tuta hupandisha gurudumu ndani ya fenda. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaokwenda Mwitongo kila Oktoba kumkumbuka Mwalimu: gari hujaa. Wakati wa mvua, tope zito la tambarare za Bunda hujaa katika nafasi ndogo iliyobaki na kugandamana pale, na kwenye maji yaliyotuama tairi pana huelea mapema kuliko jembamba.

Kwa hiyo omba jaribio kabla ya kulipa fedha yote. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma vifungwe. Mabega ya matairi, ndani na nje, yapakwe chaki. Watu watano waingie na mzigo uwekwe buti. Gari lipite taratibu juu ya tuta, kisha usukani ukatwe hadi mwisho, kulia na kushoto, mbele na kinyumenyume. Ukishuka, tafuta mahali chaki ilipofutika. Kila alama ni mahali tairi litakapoliwa. Chungulia pia nyuma ya gurudumu: mpira wa breki usiguswe hata usukani ukiwa umekatwa kabisa.

Chaki ikifutika, fundi huenda akapendekeza kukunja mdomo wa fenda kwa nyundo. Hilo husaidia milimita chache tu, na rangi ikipasuka kutu huingia. Kurudisha kimo cha springi au kuchagua tairi jembamba zaidi ni ushauri bora, ingawa hauna mbwembwe. Springi zilizokatwa kwa moto wa gesi hatuzipendekezi kwa hali yoyote. Joto huharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake.

Haki yako dukani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake. Bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kinga hiyo ni dhaifu mtu asipoweza kuthibitisha alichosema. Basi mwombe muuzaji aandike: aina ya gari, kwamba limeshushwa, saizi ya rimu na ET, saizi ya tairi na namba yake ya uzito. Karatasi hiyo iambatane na risiti ya kielektroniki. Muuzaji akipotosha kuhusu ubora au matumizi ya bidhaa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Suala la viwango vya tairi lenyewe hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Mjulishe pia wakala wa bima, kwa maandishi, kwamba gari limebadilishwa. Barua ya sentensi mbili inatosha, na ni afadhali kuliko kujieleza baada ya ajali.

Usiziuze rimu za zamani wiki hiyo hiyo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zote zikazwe upya kwa spana yenye kipimo. Magari mengi madogo ya Toyota hutakiwa kukazwa kwa Nm 103. Safari moja ya Musoma hadi Bunda inatosha kwa hilo. Ukifika, acha matairi yapoe, kisha inama na tochi utazame bega la ndani la kila tairi kabla ya kugeuza kurudi.