Msaada mkubwa, deni kubwa

SWALI: Tunaishi Ohio kwa ukaazi wa kudumu. Binti yangu amekubaliwa na vyuo viwili: kimoja kinampa msaada wa dola 38,000 kwa mwaka, kingine 24,000. Mbona anang'ang'ania hicho cha pili?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda binti kapiga hesabu vizuri. Chuo huanza na gharama yote ya mwaka: ada, malazi, chakula, vitabu, nauli. Hutoa humo kiwango kinachotokana na FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo mliyojaza. Pengo linalobaki ndilo hujazwa, wala si lazima lote.

Linajazwa na kitu gani? Hapo ndipo penye ujanja. Ruzuku hairudishwi; mfano ni Pell ya serikali, ambayo kwa 2025/26 haizidi dola 7,395. Mkopo hurudishwa na riba, lakini baadhi ya barua ambazo vyuo hutuma kutangaza msaada huujumlisha na ruzuku kana kwamba ni zawadi! Kazi ya chuoni nayo huhesabiwa kama msaada, kumbe ni mshahara, hulipwa baada ya jasho, kwa hiyo haisaidii ada ya Agosti.

Chukua kalamu, futa mikopo yote, hasa ile ya serikali iitwayo PLUS, inayobebeshwa mzazi. Futa na kazi. Sasa toa ruzuku kwenye gharama ya kila chuo, kisha ulinganishe. Muulize pia ofisa wa misaada: ruzuku ya chuo itaendelea mwaka wa pili, na kwa alama zipi?