Kuongeza Kasi ya Prosesa: Somo la Kubadili Kitu Kimoja kwa Wakati Mmoja

1. Utangulizi

Wanachuo wanaojifunza habari za kompyuta huuliza mara kwa mara kama yawezekana kuifanya mashine ya mezani itende kazi kwa kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani. Yawezekana. Jambo hili likifanywa ovyo huharibu kifaa; likifanywa kwa utaratibu huwa zoezi zuri la sayansi. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna anayeanza atakavyoiongeza kasi hiyo kwa usalama. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba zoezi hili humzoeza mwalimu mtarajiwa kanuni ile ile atakayoifundisha shule ya msingi kwa mbegu za maharage: badili kitu kimoja, pima, andika, ndipo uendelee.

2. Shabaha

Mwisho wa somo mwanachuo aweze:
(a) kukokotoa kasi ya prosesa;
(b) kueleza kwa nini joto huongezeka upesi kuliko kasi;
(c) kuendesha jaribio na kuandika matokeo yake;
(d) kutambua mahali pa kukomea.

3. Maarifa ya lazima

Prosesa hufuata mapigo, kama wapiga makasia wafuatavyo ngoma. Kasi yake hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi kwa nambari iitwayo kizidishi. Mapigo ya msingi yakiwa megahezi 100 na kizidishi 36, kasi ni megahezi 3600, yaani gigahezi 3.6.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1998. Prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A ilikuwa na kizidishi cha 4.5 kisichobadilika, na mapigo ya msingi ya takriban megahezi 66.7, kasi yake ilikuwa megahezi 300. Watumiaji wengi waliyapandisha mapigo ya msingi hadi 100, wakapata megahezi 450. Hilo ni ongezeko la nusu nzima. Mwanachuo asitarajie faida kama hiyo leo, kwa kuwa prosesa za sasa hujiongezea kasi zenyewe kila zinapopata nafasi.

Pamoja na kasi kuna volteji. Sehemu kubwa ya joto la prosesa hufuata kasi, tena hufuata volteji iliyozidishwa kwa volteji yenyewe. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10, na volteji ikapandishwa kutoka 1.20 hadi 1.30, joto hilo huongezeka kwa takriban asilimia 29. Hesabu hii iandikwe ubaoni, maana ndiyo kiini cha tahadhari zote zifuatazo. Joto jingi humaliza umri wa kifaa, na volteji iliyozidi huudhoofisha mwili wake polepole. Mwaka 2024 kampuni ya Intel yenyewe ilieleza kwamba volteji iliyozidi ilikuwa ikizitia hitilafu baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14, ikatoa marekebisho.

4. Vifaa

Si kila prosesa hukubali kubadilishwa kizidishi. Kwa Intel, kwa kawaida ni zile zenye herufi K mwishoni mwa jina. Kwa AMD, karibu prosesa zote za mezani za aina ya Ryzen. Ubao mkuu wa kompyuta nao lazima uwe wa aina inayoruhusu. Ziwepo pia feni imara, programu ya kusoma halijoto, programu ya kupima kazi, na daftari. Mkufunzi awaambie wanachuo mapema kwamba dhamana ya kiwanda yaweza kupotea.

Kompyuta inayohifadhi alama za mitihani isitumiwe kamwe. Sababu tutaieleza katika sehemu ya 6.

5. Hatua za kufuata

Tuchukue mfano wa Ryzen 5 3600, ambayo kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.6, ya juu 4.2, na kikomo cha halijoto ni nyuzi 95 za Sentigredi.

(i) Pimeni kabla ya kugusa chochote. Ipeni mashine kazi nzito, kisha andikeni kasi, volteji, halijoto na matokeo ya kipimo. Prosesa hii ikifungwa kwenye kasi moja huacha kujiongezea yenyewe. Anayeifunga kwenye 3.8 kwa furaha huenda akawa ameipunguzia mwendo katika kazi nyepesi. Bila kipimo cha kwanza hatajua.

(ii) Ingieni katika programu ya msingi ya ubao mkuu iitwayo BIOS. Fungeni volteji kwenye kiasi mlichokisoma, kwa sababu ubao ukiachiwa huweza kuipandisha kupita haja.

(iii) Wekeni kizidishi kwenye kasi mliyoisoma wakati wa kazi nzito. Kisha ongezeni kizidishi kwa moja tu.

(iv) Jaribuni kwa kazi nzito kwa dakika 15. Andikeni matokeo.

(v) Rudieni hatua ya (iii) na (iv), kila mara kwa nyongeza ile ile. Mwenda pole hajikwai.

(vi) Mkishindwa, rudini hatua moja nyuma, kisha fanyeni jaribio la saa kadhaa.

Mashine ikikataa kuwaka, zimeni, chomoeni waya wa umeme, toeni betri ndogo ya ubao mkuu kwa dakika chache na kuirudisha. Mpangilio wa kiwandani utarejea.

6. Mahali pa kukomea

Komeni halijoto ifikapo nyuzi 85, mashine ijizimapo, au programu ionyeshapo kosa la hesabu. Dalili hii ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Prosesa iliyopitishwa uwezo wake si lazima izime. Yaweza kuendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu ya uongo. Ndiyo maana programu ya Prime95 hulinganisha hesabu zake na majibu yanayojulikana. Mashine ya namna hiyo ikiwa na alama za watoto, 67 huweza kuandikwa vinginevyo bila mtu kung'amua.

7. Tathmini

Mkufunzi asimpe alama nyingi aliyefikia kasi kubwa. Atazame daftari: je, kila badiliko lina kipimo chake? Kikundi kilichogundua kwamba mpangilio wa kiwandani ulikuwa bora, na kikathibitisha kwa tarakimu, kimefaulu somo.

Maswali ya kujipima

1. Kizidishi ni 42 na mapigo ya msingi ni megahezi 100. Kokotoa kasi.
2. Kasi imepanda kutoka gigahezi 4.0 hadi 4.2, na volteji kutoka 1.25 hadi 1.35. Joto limeongezeka kwa asilimia ngapi?
3. Mwanachuo ameongeza kizidishi na volteji kwa pamoja, mashine ikazima. Kwa nini hawezi kuitaja sababu?
4. Tunga jaribio la kuotesha maharage kwa darasa la tano litakalofuata kanuni ya somo hili.